Wino Kwenye Kidole cha Mwisho

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilimtungia Mama sindano. Mama ni fundi cherehani, na macho yake hayapatani na matundu madogo. Nilitunga uzi kwenye sindano kumi, nikazichomeka kwenye kimto chake, ndipo nikapewa chai. Sasa usinicheke nikikuambia kwamba kitu nilichokiogopa kuliko vyote duniani kilikuwa sindano. Si hizo za Mama. Ile ya hospitali.

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, ilitangazwa kampeni ya chanjo ya surua kwa watoto wa nchi nzima. Kila aliyechanjwa alipakwa wino wa zambarau kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ili wauguzi wasimchanje mara mbili na wasimruke ambaye bado.

"Mpeleke mdogo wako, mchanjwe wote wawili," Mama aliniambia. Sare za shule zilikuwa zimemjazia chumba hadi mlangoni. "Mimi nikinyanyuka hapa, kazi italala."

Mdogo wangu alikuwa na miaka minne, na nyumbani tulimwita Kibonge. Tulikuta foleni imefika kwenye geti la zahanati. Ndani kulikuwa na mtoto analia utadhani anachunwa ngozi. Nikarudi nyuma hatua mbili. Kibonge alinitazama usoni, na yeye akaangua kilio.

"Dada, turudi!"

Nilifurahi aliposema vile, nikajidai namwonea huruma yeye. Mfukoni nilikuwa na kalamu nene ambayo Mama huandikia mifuko ya wateja, na rangi yake ilikuwa zambarau. Nyuma ya ukuta wa zahanati nikapaka kidole chake, kisha changu, nikamwonya asimwambie mtu.

Mama alitazama vidole vyetu, akatusifu, akatupa ndizi mbivu moja moja. Yangu nilimpa Kibonge. Tena wino wangu ulikuwa wa kufifia, kwa hiyo kila asubuhi nilimvuta Kibonge chooni, nikafunga mlango na kuupaka upya.

Siku ya tano, kinyozi jirani yetu alipita mbio mbele ya mlango wetu akiwa amembeba mwanawe begani. Mtoto huyo alikuwa rafiki wa Kibonge. Alikuwa kwa bibi yake tangu kampeni ianze, na alirudi jana yake akiwa na mafua na macho mekundu. Jioni ile walikuwa wamekunywa maji kikombe kimoja na mdogo wangu.

"Surua!" kinyozi alimwambia Mama bila kusimama. "Vipele mwili mzima. Anahema kwa shida, mama, sijui kama atafika!"

Mama alimkumbatia Kibonge. "Afadhali huyu wangu kachanjwa," alisema.

Nilimshika Kibonge paji la uso, nikamshika tena, nikamchungulia macho, mpaka akanipiga kofi mkononi. Kila nilipotaka kumwambia Mama, nilijikuta namuuliza jambo jingine.

Mchana huohuo akaingia muuguzi na kisanduku chake cha barafu cha kubebea chanjo. Ilikuwa siku ya mwisho ya kupita nyumba kwa nyumba.

"Shikamoo," nilimwamkia.

"Marahaba. Haya, vidole."

Tukanyoosha. Aliviangalia, akaitikia kwa kichwa, akaandika mlangoni alama ya chaki kwamba nyumba yetu imekamilika, akanyanyua kisanduku. Nilikuwa nimeponea chupuchupu. Kibonge akakohoa. Mara moja tu, labda ni vumbi la vitambaa, lakini kikohozi kile kilinikata maini.

"Nesi, rudi!" nilipiga kelele. "Hatujachanjwa! Wino nimepaka mimi!"

Cherehani ilinyamaza. Muuguzi alirudi, akalowesha pamba kwa spiriti, akafuta kidole cha Kibonge. Wino wote ukabaki kwenye pamba. Mama akamweleza habari za mtoto wa kinyozi.

"Alikuwa na yule mtoto mgonjwa lini?" muuguzi aliuliza.

"Jana jioni," nilijibu huku nalia.

"Basi huenda tukawahi. Chanjo ikitolewa ndani ya siku tatu inaweza kumkinga. Ila mama, siwezi kukuahidi."

Nilikunja mkono wa gauni langu nikatangulia, ili Kibonge aone. Iliuma kama ninapojichoma kila wiki kwa sindano za Mama, na kwa hizo sijawahi kulia. Kisha akachanjwa Kibonge.

Wiki mbili zilizofuata singetamani hata adui yangu azipitie. Siku ya tisa Kibonge akachemka mwili. Mama aliacha kila kitu, tukakimbia zahanati. Muuguzi alimkagua mdomo, macho na kifua.

"Ni homa ndogo ya chanjo," alisema mwishowe. "Itapita." Na kweli, ikapita.

Mtoto wa kinyozi naye alirudi nyumbani, amekonda, na sikio lake moja halisikii vizuri hadi leo. Siku muuguzi alipokuja kumtazama, aliniita pembeni.

"Kuogopa si kosa, mwanangu. Mimi nachanja watu kutwa, na nikichomwa nafumba macho. Wino ule ni wa kutuonyesha sisi. Surua haiangalii kidole. Ulidhani umenidanganya mimi, kumbe uongo wako alikuwa anaubeba mtoto wa miaka minne."

Nilirudi ndani nikimngojea Mama anichape, maana alikuwa hajaniadhibu bado. Badala yake aliniwekea mkononi ile kalamu aliyoninyang'anya siku ile.

"Irudishe mahali pake," alisema. "Na siku nyingine ukiogopa, niambie. Kazi italala, lakini tutaenda wote."