Dada Aliyejifunza kwa Mikono

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, dada aligeuza sebule kuwa wodi. Alikuwa akisomea uuguzi, na mgonjwa wake alikuwa mto wa kochi. Aliufunga bendeji, akaupindua taratibu, akauuliza umeamkaje. Mdogo wake alimtazama akicheka. Nyumbani walimwita Kasuku, kwa kuwa akisoma ukurasa mara moja tu, anausema wote bila kukosea.

Siku moja dada alikuja na wenzake wa chuo. Kasuku akashindwa kuuzuia ulimi.

"Dada hawezi kusoma kitabu kama watu," aliwaambia. "Anacheza na mto kama mtoto wa chekechea."

Wageni waliangua kicheko. Dada naye alicheka, lakini bendeji akairudisha mkobani. Tangu hapo akawa anajifungia chumbani na vitabu, akikariri kimoyomoyo mpaka macho yakawa mekundu. Mama alipomuuliza, alijibu kwamba naye anataka kusoma kama watu.

Siku ya mtihani wa vitendo, alichanganya hatua mbele ya msimamizi. Alisahau hata kunawa kabla ya kumgusa mgonjwa. Akafeli, ikabidi arudie mwaka huku wenzake wakisonga mbele.

Hakuna aliyemlaumu Kasuku, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Mwishowe alimfuata dada chumbani, akasema huku machozi yakimlengalenga, "Dada, nilikuaibisha. Nisamehe."

Dada alifunga kitabu. "Nimekusamehe," alisema. "Lakini niliumia, mdogo wangu."

Kasuku akanyoosha mkono. "Basi nifunge mimi. Mto hausemi bendeji ikibana."

Wakaanza upya. Kasuku akawa mgonjwa wa kila aina, leo kavunjika mguu, kesho kaungua, na dada akafanya kazi huku akieleza kwa sauti kila anachofanya. Mtihani ulipokuja tena, alifaulu vizuri.

Nyumba ilijaa vigelegele, ila Kasuku alijitenga uani. Wenzake dada walikuwa wamekwisha kuajiriwa. Mama akamfuata, akaketi karibu naye.

"Dada yako amefaulu, lakini mwaka wake haurudi," alisema kwa upole. "Neno likitoka halirudi kinywani. Wewe elimu inakuingia kwa macho, yeye inamwingia kwa mikono na masikio. Usimcheke mtu kwa njia anayojifunzia, mwanangu. Mgonjwa hamuulizi muuguzi alijifunzaje. Anataka tu mikono inayojua kazi."