Bembea Inamsubiri Mgeni Rasmi

Siwema alikaa ghorofa ya tisa. Juu kabisa, karibu na kunguru.

Jengo lao lilikuwa na kila kitu. Hata lifti ilikuwepo. Ilikuwa inapumzika tu, tangu mwaka juzi.

Kwa hiyo Siwema alishuka kwa ngazi. Tapu, tapu, tapu. Ghorofa ya nne alimpitia rafiki yake, Tunu. Tapu tapu, tapu tapu, mpaka chini.

Chini kulikuwa na uwanja wa wakazi wote. Ulikuwa na vibao vizuri sana. USIKIMBIE. USIPIGE KELELE. USIKANYAGE NYASI.

Kuku wa mlinzi hakujua kusoma. Ni yeye peke yake aliyecheza.

Katikati ya uwanja kulikuwa na bembea. Bembea mpya, nyekundu, ya watu wawili. Wazazi wa jengo zima walichanga, wakawanunulia watoto wao.

Ilikuwa imefungwa nailoni, juu mpaka chini, isichafuke. Maana watoto wana tabia mbaya. Wakiona bembea, wanaikalia.

Mwenyekiti wa jengo aliitwa Mzee Ngoda. Alikaa nyumba ya chini, hatua kumi kutoka kwenye bembea. Aliilinda kama mboni ya jicho lake.

"Shikamoo, Mzee," alisema Siwema. "Leo tunaweza kubembea?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Bado. Haijazinduliwa."

"Itazinduliwa lini?"

"Akija mgeni rasmi."

*Bembea ipo, watoto wapo.*
*Hayupo mgeni rasmi.*

Mgeni rasmi wa kwanza aliandikiwa barua. Alikuwa na kikao. Wa pili aliandikiwa barua. Alikuwa na safari. Wa tatu alijibu vizuri. Aliuliza kama kutakuwa na pilau.

Masika ikaja, ikapita. Nailoni ikabaki safi. Hongera zake nailoni.

*Bembea ipo, watoto wapo.*
*Hayupo mgeni rasmi.*

Siku moja Tunu alishuka ngazi polepole.

"Tunahama," alisema. "Jumamosi."

"Mnahamia wapi?"

"Mbali. Unapanda basi mara mbili."

Siwema aliitazama bembea ya watu wawili. Moyo ulimuuma. Hakutaka kubembea na mtu mwingine. Alimtaka Tunu.

Akaenda kwa Mzee Ngoda. Mzee alikuwa anaandika barua ya nne.

"Mzee, mgeni rasmi ni mtu wa namna gani?"

"Ni mtu mzima, mwenye suti. Tena anaheshimika."

"Wewe una suti?"

"Ninayo."

"Watu wanakuheshimu?"

Mzee Ngoda alifikiri kidogo. "Baadhi," alisema.

"Basi wewe."

Mzee aliweka kalamu chini. Miaka yote alikuwa anaandika barua za kualika watu. Yeye hakuna aliyewahi kumwalika. Machozi yalimlengalenga. Akakohoa, khu khu, akasema ni vumbi.

"Nileteeni barua," alisema. "Utaratibu ni utaratibu."

Siwema na Tunu wakaandika barua. Wakaipitisha chini ya mlango wake. Swiii.

Jumamosi asubuhi uwanja ulijaa watu. Palikuwa na utepe. Palikuwa na meza, na chupa ya maji iliyovishwa karatasi ya kufutia mikono. Shughuli ilikuwa saa tatu.

Saa tatu mgeni rasmi hakuwepo. Saa tatu na nusu hakuwepo. Alikuwa nyumbani kwake, hatua kumi, amevaa suti, anachungulia dirishani. Mgeni rasmi hawezi kuwahi. Watu watadhani hana kazi.

*Bembea ipo, watoto wapo.*
*Hayupo mgeni rasmi.*

Pii! Piii! Gari la kuhamisha vyombo likafika. Godoro la Tunu likapandishwa juu.

Saa nne Mzee Ngoda akatokea. Watu wakapiga makofi. Akafungua hotuba yake. Karatasi saba.

"Awali ya yote," alisoma, "napenda kuwashukuru..."

Piiii!

"Tunu, panda gari, mwanangu," mama yake aliita.

Tunu alimshika Siwema mkono. Hakuuachia. Siwema akaanza kulia, kimyakimya.

Mzee Ngoda aliwaona. Akaitazama karatasi ya kwanza. Akazitazama nyingine sita. Alikuwa amezisoma mbele ya kioo wiki nzima.

Akazikunja, akazitia mfukoni.

"Hotuba imekwisha," alisema.

Akakata utepe, kacha. Akaichana nailoni kwa mikono yake mwenyewe. Chwaraaa.

"Kaeni, wajukuu zangu."

Kwichi, wakaenda juu. Kwichi, wakarudi. Walicheka mpaka Tunu akapata kwikwi. Dereva akaacha kupiga honi, akaja kutazama.

*Bembea ipo, watoto wapo.*
*Anasukuma mgeni rasmi.*

Saa tano gari likaondoka. Tunu alipunga mkono mpaka kwenye kona. Siwema akabaki kwenye bembea. Upande wa pili ulikuwa mtupu.

Mzee Ngoda akakaa pale, na suti yake. Wakabembea polepole.

Jioni mama alimlaza Siwema. Kitanda kilikuwa kama kinakwenda mbele, kinarudi nyuma.

"Mama, Tunu atakuja lini?"

"Jumamosi ijayo. Mama yake ameniahidi."

Siwema akaanza kuhesabu siku kwa vidole. Jumapili. Jumatatu. Jumanne.

Alilala kabla hajafika Jumatano.