Mzee wa Mlango wa Nyuma

Supu ilinuka nguo zilizovundia kwenye beseni. Mpishi aliionja, akatema, akaimwaga yote, akapika nyingine. Nayo ikanuka vilevile.

"Mama Sindano, hebu njoo unuse."

Mama Sindano alikuwa fundi cherehani, mjane, aliyekuja kujitolea katika jiko lile la watu wasio na makazi baada ya wanawe kuhama. Mtaani walimsifu kwa mkono wa kutoa. Alinusa, akasema hasikii kitu.

Alikuwa akisikia. Harufu ile aliijua.

Kabla ya hapo, siku wafadhili walipokuja kupiga picha, mvua ilikuwa ikimwagika, na mzee mmoja aliingia amelowa chepechepe, koti limemuozea mgongoni. Mama Sindano alimwinamia. "Baba, ngoja nje kidogo. Unanuka. Nitakuita." Mzee akaitika, "Haya, mwanangu," akatoka kwa mlango wa nyuma. Wafadhili walipiga picha, wakashukuru, wakaondoka. Mama Sindano akasahau kumwita. Asubuhi wazoa taka wakamkuta ameegemea ukuta, amekufa, amekauka kwa baridi. Watu walipoulizana nani alimwona, yeye alikuwa akimenya vitunguu, na machozi yake yakasingiziwa vitunguu.

Basi harufu ile ya supu ikahamia kwenye mikate, kisha kwenye maji ya kunywa. Mlango wa nyuma ukawa unabishwa mchana kweupe. Ukifunguliwa, hakuna mtu. Mwisho wa benchi lililo karibu na mlango huo pakawa panalowa, hata pakipanguswa.

Ndipo siku moja, foleni imejaa, Mama Sindano akamchotea supu binti mmoja mwenye mtoto mgongoni, na kabla hajamkabidhi sahani, huku midomo yake imefumbwa na watu wote wanamtazama, sauti yake mwenyewe, ile tamu ya kubembeleza, ikatoka kwenye lile benchi tupu, ikapita juu ya vichwa vya waliokuwa wakila, ikasema taratibu: "Ngoja nje kidogo. Unanuka."

Vijiko vikaanguka.

"Nani kasema hivyo?" mpishi akanong'ona. "Mama, si wewe?"

"Wallahi si mimi."

Hapohapo akaitwa bibi mmoja mganga. Akafukiza ubani; ukazimika. Akafukiza tena, ukazimika tena.

"Huyu si marehemu," akasema kwa sauti ya chini. "Ni jini. Amekuta aibu imefichwa humu, anaila, ananenepa. Mwenye nayo aitoe hadharani, na jini atakosa chakula."

Maji yakaanza kuchuruzika kutoka kwenye benchi, yakatambaa sakafuni, yakapita miguu ya mpishi, yakapita miguu ya wageni wote bila kumgusa hata mmoja, mpaka yakafika kwenye viatu vya Mama Sindano, yakatuama hapo, baridi kama barafu.

"Ni mimi," akasema. "Nilimtoa yule mzee nje kwa sababu ya picha. Nikamsahau. Nikanyamaza."

Mlango wa nyuma ukafunguka wenyewe, ukajibamiza. Maji yakakauka. Ubani ukawaka, na harufu ikakatika kama uzi.

Hakuna aliyemtukana, afadhali wangemtukana. Binti mwenye mtoto ndiye aliyesogea, sahani mkononi, akauliza bila ukali, kama mtu anayetaka kujua tu:

"Na sisi je, mama? Tunanuka?"

Mama Sindano akafungua kinywa. Safari hii hapakuwa na sauti ya kumsemea.