Uzi wa Boti ya Marehemu Meshack

Harufu ndiyo iliyomfanya Leonia amshuku Hamdani, mwenzake wa kazi, kwamba anamfanyia mzaha. Mchana mweupe, ofisi yao ya Kasingirima ilinuka nyavu mbichi, na aliyekuwamo ni wao wawili tu.

"Umegusa programu yangu?" alimnong'oneza.

"Wallahi sijaigusa, dada."

Leonia hakuamini. Programu hiyo, aliyoiandika kwa lugha ya C, hutuma onyo la upepo kwa maboti ya ziwani. Kila boti ina uzi wake, kazi inayokwenda peke yake ndani ya programu, na nyuzi zote hupokezana kufuli moja: unaolishika hutuma, kisha huliachia. Asubuhi hiyo aliuua uzi wa boti ya Meshack, aliyezama karibu na Mwamgongo, akaukata kwa nguvu ungali kazini. Tangu hapo hakuna onyo lililotoka. Mdogo wake, Elikana, alikuwa majini akitokea Kagunga, na ziwa limeshachafuka.

Akaizima programu, akaiwasha tena; bado hakuna onyo lililotoka. Kwenye skrini yakatokea maneno ambayo hakuyaandika: *Meshack, nipo.* Kitasa cha mlango kilikuwa kikitona maji.

"Umeuua uzi ungali na kufuli mkononi, na nyingine zote zinalingoja," Hamdani alisema. "Bibi yangu kule Ujiji hupunga majini. Hamfukuzi jini kabla hajasema shida yake. Humuuliza, humsubiri amalize, ndipo humuaga. Nawe uambie uzi umalize, kisha uusubiri."

Leonia aliona anachezewa, ila hakuwa na lingine. Akaandika amri ya kumaliza, akaweka programu isubiri.

*Bado Elikana,* skrini ikajibu.

Leonia akanyoosha kidole auue tena, na Hamdani akamdaka mkono, na wakakaa hivyo wameshikana huku maji yakitambaa chini ya meza mpaka kwenye nyayo zao, baridi, yakinuka kina kirefu, na Leonia akimlilia Mungu asimchukulie mdogo wake.

Simu ikaita.

"Dada, tumefika Mwamgongo salama," alisema Elikana, akihema. "Kuna boti ilitutangulia kwenye mawimbi mpaka ufukweni. Nahodha wake simjui, kalowa chapachapa. Kaniambia nikufikishie salamu: mtu hakatizwi akiwa kazini."

Leonia aligeukia skrini. Maonyo yalikuwa yakitoka, boti baada ya boti, na chini kabisa pameandikwa: *Nimemaliza.*