Kijana wa Sura ya Tatu

"Ni yeye! Jamani, haki ya Mungu ni yeye!"

Msichana wa dawati la mbele alikuwa amesimama, kidole kimemwelekea mhariri. Maktaba nzima ya shule ikalipuka.

Mhariri alikuwa katikati ya kuwasomea sura ya tatu. Ndivyo walivyofanya kwa kila kitabu cha vijana kabla hakijaenda mtamboni: mswada unapelekwa kwa wasomaji wa umri ule ule, wausikie, wauchane wapendavyo, na mwandishi akae pembeni apokee kimya kimya. Sura yenyewe ilimhusu kijana wa miaka kumi na saba anayekunja mkono mmoja tu wa shati, anayekiomba kiti msamaha akikigonga, na anayechomeka kalamu nyuma ya sikio kisha akapekua mifuko yote akiitafuta.

Na hapo ndipo mhariri, mkono mmoja wa shati umekunjwa hadi kiwikoni, aliposema, "Ngojeni niandike maoni yenu," akaanza kujipapasa. Mfuko wa shati. Mfuko wa suruali. Begi.

"Iko sikioni, mwalimu!"

Kicheko kikapasua dari. Mhariri akashtuka, akarudi nyuma, akagonga kiti.

"Samahani," akakiambia.

Weee! Hata mwalimu wa maktaba alijifunika uso kwa daftari.

"Tulieni," mhariri akasema, masikio yamemwiva. "Hii ni hadithi ya kubuni."

"Ya kubuni wapi! Basi na msichana anayempenda huyo kijana ni nani?"

Vichwa thelathini vikageuka kwa mpigo mmoja, vikatua kwenye kona aliyokaa mwandishi.

Alitamani ardhi ipasuke aingie na mkoba wake. Miezi minane alikuwa amemwandika mtu huyo akidhani hakuna atakayejua. Kila sura iliporudi kutoka kwake ilikuwa na maoni pembeni: "Hakuna mtu anayekiomba kiti msamaha. Haiaminiki. Futa." Mwandishi hafuti. "Nani asahau kalamu iliyo kichwani mwake? Umetia chumvi." Mwandishi anacheka peke yake mezani mpaka binti yake wa miaka minne anauliza, "Mama, nani anakutekenya?"

Lakini kumwambia? Hicho kilikuwa kitabu chake cha kwanza. Wachapishaji wanne walikuwa wamekirudisha, huyu peke yake ndiye aliyesema, "Hapa kuna kitu." Akimwambia anampenda akakataliwa, angempoteza mtu na kitabu kwa siku moja. Basi akaona heri amwandike kuliko amwambie.

"Tuishie hapo kwa leo," mhariri akasema. Akafunga faili, akatoka bila kumtupia jicho.

Jioni, mwandishi akimwogesha mtoto, ujumbe wa mhariri ukaingia. Akaufungua kwa vidole vya povu.

"Habari. Kuanzia leo mswada wako utashughulikiwa na mhariri mwingine. Kila la heri."

Akampigia dada yake pale pale.

"Dada, nimekwisha."

"Umekwisha nini tena, mdogo wangu?"

Akamsomea.

"Kila la heri?" dada akafoka. "Hiyo si ndiyo unamwambia mtu anayekwenda kufanya mtihani?"

"Nimemwaibisha mbele ya watoto wa watu. Amenitupa, na kitabu atakuwa amekitupa."

"Amekuambia amekitupa?"

"Hajasema."

"Basi kesho vaa lile gauni la kijani, nenda ukamuulize usoni. Mtoto niachie mimi."

"Nikilia je?"

"Lia ukiwa umependeza!"

Asubuhi mwandishi akaingia ofisini kwa mchapishaji. Chumba cha wahariri kilikuwa kinazungumza. Alipotokea mlangoni, kikanyamaza. Mmoja akajifanya anafunga begi lililokwisha kufungwa. Mwingine akatabasamu kama anayejua siri ya harusi.

Hakuwajali. Akaenda moja kwa moja kwa mhariri mkuu, mama mtu mzima mwenye miwani iliyoning'inia kifuani.

"Shikamoo, mama. Sitaki mhariri mwingine. Kama amenichoka aniambie mwenyewe, na kama kitabu hakifai, nirudishieni nijiendee zangu."

"Marahaba. Kaa kwanza, mwanangu, unahema kama umekimbizwa. Nani kakwambia kitabu hakifai?"

"Si ameukimbia mswada!"

"Ameukimbia, ndiyo." Mama akavuta droo. "Ila hapa mtu haachi kazi ya mwenzake hivi hivi. Anajaza fomu, anaandika na sababu. Soma mwenyewe, maana ofisi nzima imeshasoma, umebaki wewe."

Mwandishi akaipokea. Mwandiko aliujua, ulikuwa umemkosoa miezi minane.

"Sababu: Nampenda mwandishi. Kila alichoandika nakiona kizuri, hata sura ya tisa, ambayo najua ni ndefu mno. Mhariri wa namna hii ataharibu kitabu. Naomba apewe mwingine."

Akaisoma mara mbili. Kisha macho yakashuka kwenye tarehe.

"Mama, hii ni ya wiki tatu zilizopita!"

"Ndiyo. Nilimwambia asubiri amalize kikao cha wale wanafunzi. Hakujua lolote kuhusu kijana wako, maskini. Amegundua jana pamoja na darasa zima." Mama akacheka mpaka miwani ikaruka kifuani. "Yuko chumba cha mashine. Nenda kabla hajajitoa nakala."

Alimkuta amesimama mbele ya mashine ya kunakili, karatasi tupu zinatoka, yeye hana habari.

"Kila la heri?" mwandishi akasema.

Mhariri akageuka kama aliyeshikwa anaiba.

"Niliandika ujumbe wa kurasa mbili. Nikaupunguza."

"Ukaupunguza ukabaki 'kila la heri'?"

"Nilizidisha kidogo."

Alitaka kucheka, akajikaza. "Nilijua umekasirika. Kwa ile aibu ya jana."

"Nilikasirika, lakini kwa ujinga wangu. Miezi minane nimemwonea wivu yule kijana."

"Kijana gani?"

"Wa kitabuni! Nilijua hukumbuni. Mtu habuni vitu vidogo vidogo namna ile. Lazima kuna mwanamume mahali unamtazama kila siku. Nikawa nasema, huyo bwana, awe yeyote, amebahatika. Ndiyo maana kila nikimkuta nilikuwa namfuta."

"Ulikuwa unajifuta mwenyewe, wewe mtu!"

"Nimeshaambiwa. Na watoto thelathini."

Sasa wakacheka wote, cheko la watu waliobana pumzi muda mrefu. Kisha mwandishi akawa mpole.

"Nina mtoto. Baba yake aliondoka kabla hajazaliwa. Sina nafasi ya mtu wa kujaribu jaribu."

"Namjua binti yako. Sura ya kumi na mbili ilikuja amechora kuku wa miguu sita nyuma yake. Nimembandika ukutani nyumbani. Ila sikia. Usinijibu kwa ajili ya kitabu. Mkuu ameshakipitisha jana, kinakwenda mtamboni mwezi ujao. Hata ukinifukuza sasa hivi, kitatoka."

"Kweli kimepita?"

"Kimepita."

Mwandishi akapiga ukelele uliowafanya wahariri watatu watoe vichwa mlangoni. Akakumbatia rundo la karatasi tupu, akaliacha likaanguka, akamkumbatia yeye.

"Jumamosi," akamwambia begani. "Njoo kwa mama yangu. Na usipunguze chochote."

Jumamosi mchana mhariri aliketi kwenye kochi la mama, magoti yamebanana. Dada alikuwa jikoni, sikio liko sebuleni. Mtoto alikuwa ameshampanda mgeni mapajani, anamhesabia vifungo.

"Yule wa kwanza," mama akasema bila kuzunguka, "alikuja hapa na maneno matamu tele. Akatuachia haya machozi tuliyoyafuta miaka minne. Wewe umekuja na nini?"

Mwandishi akainamisha kichwa. Kwa hili hakuwa amemwandaa.

Mhariri akamshika mtoto asianguke, akasema taratibu:

"Mama, maneno matamu sina. Nimekuja kuomba kumwoa binti yako, na kuwa baba wa huyu. Siku nitakayowaacha haipo."

Sufuria jikoni likasikika likitokota.

"Rudia," mama akasema.

Akarudia, neno kwa neno.

Mama akajifuta jicho kwa ncha ya mtandio, kisha akaita kwa sauti iliyotetemesha vikombe:

"Nyie mashangazi mliojificha chumbani, tokeni! Haya, baba, rudia tena, nao wasikie."

Mara ya tatu hakuimaliza. Dada alikwisha kutoka jikoni mbio, mwiko mkononi, kigelegele kimemtangulia, na mwandishi alikuwa analia akiwa amependeza.