Mpaka Uliopimwa kwa Simu

Ndugu zangu wa Rooty Hill, wa St Marys na kote mlikotawanyika hapa Sydney, leo sikuja kuwachekesha. Kuna jambo limenikaa kooni tangu miaka ile ya korona, na kila nikilimeza linarudi. Afadhali nilitapike mbele yenu.

Nyumba ya Dieudonné na mkewe Lydie inatazamana na yangu. Ilikuwa nyumba ya amani. Jumapili ninayoisimulia ilikuwa ya mwezi wa tano, mwaka 2021, kabla hatujafungiwa majumbani. Tulikuwa tumetoka kanisani. Lydie alikuwa amepika sombe, yale majani ya muhogo, na samaki, bugali umefunikwa kwa kitambaa, na watu wamekaa wanacheka. Karibu na dirisha alikaa mama mzazi wa Dieudonné, Bibi Chibalonza, blanketi magotini, akimchambulia mjukuu wake Bénie miiba ya samaki ingawa binti ni mkubwa wa kwenda sekondari.

Huyu Bibi alizaliwa na kuolewa kwetu Kongo, kando ya mto Ruzizi. Wenye bunduki walimtoa nyumbani kwake, Dieudonné akiwa mtoto wa mgongoni, sufuria ya maharage kichwani, maharage yenyewe hayajaiva. Wote tunaijua habari hiyo kwa sababu Dieudonné huisimulia kanisani, machozi yakimtoka, na watu hulia naye. Ishikeni hiyo sufuria, nitairudia.

Basi tukiwa tunakula, akaingia Méthode. Huyu ni mtu wa kwetu aliyekaa Indonesia miaka mingi akingoja makaratasi kabla ya kufika Sydney, na anakijua Kiindonesia. Akatuambia serikali ya kule inataka kuhamishia makao makuu yake kisiwa cha Borneo, na yeye ana mwenzake katika kijiji kimoja cha mtoni, si mbali na huko. Leo ni nyumba za mbao juu ya nguzo, kesho zitakuwa hoteli.

"Dieudo, wewe uko mtu wa warehouse mpaka lini?" akamwuliza. "Chukua parcelle sasa. Wazungu wakifika, utakuwa boss."

Nilimwona Dieudonné akiacha kutafuna.

Kwetu Kivu kiwanja, hiyo parcelle, hakinunuliwi kwa maneno. Muuzaji huuzunguka mpaka kwa miguu, mnunuzi nyuma yake, majirani wa pande zote wamesimama wanatazama. Kisha mashahidi hunyweshwa, na tangu hapo hakuna wa kubisha. Lakini mwaka ule mipaka ya nchi ilikuwa imefungwa. Nani angepanda ndege kwenda kukanyaga udongo wa Borneo? Méthode akasema hakuna shida, tutazungukia hapahapa. Akampigia mwenzake simu ya video, wakaiunganisha na televisheni ya sebuleni, na yule mtu wa kule akaanza kutembea. Sisi tukaona njia ya mbao, maji ya rangi ya chai, nguzo, mitumbwi. Wanaume wakasimama pale kwenye zulia la Lydie, wakamfuata kwa macho kona hadi kona, wakitikisa vichwa kama wazee wa mipaka. Majirani wa kule hawakuitwa hata mmoja. Mashahidi walikuwa watu wa kwaya.

Katika kona ya tatu, kwenye kibaraza cha nyumba, palikuwa na mama mzee anaanika samaki. Aliinua uso akaitazama simu, nasi tukamtazama.

"Ule mama ni nani?" Bibi Chibalonza akauliza.

"Anakaa pale tu, Maman," Méthode akajibu. "Atahama."

"Balimuambia ahame?"

"Ataambiwa."

"That's her house, Dad," Bénie akasema.

Baba yake akamwambia aende kuosha vyombo. Méthode akatumiwa pesa yote ya akiba, soda zikafunguliwa, mashahidi wakanywa, mtu akaomba sala, na Dieudonné akapigiwa makofi kama bwana harusi. Bibi hakuigusa soda yake.

Ndugu msomaji, mimi sina ugomvi na mtu kutafuta mali. Sote tulifika hapa mikono mitupu. Ila ni mali gani hiyo inayoanza kwa kumtazama mtu usoni na kusema atahama?

Mwezi uliofuata tukafungiwa. Helikopta za polisi zilizunguka juu ya mapaa yetu, makanisa yakafungwa, na Dieudonné akawa anatoka kazini na kuingia kwenye simu. Nyumba nzima ikawa habari ya mtoni. Lydie alimwomba akae na mama yake walau saa moja, amsomee zaburi kama zamani, kwa kuwa Bibi alikuwa hasemi tena na mtu. Yeye akajibu kwamba anapanga maisha ya watoto.

Siku moja Méthode akampigia kumweleza kwamba vijana wa kazi wako tayari, wanangoja tu neno la mwenye kiwanja. Dieudonné alikuwa jikoni, mimi nimesimama mlangoni nimeleta dawa za Bibi. Akaisogeza simu mdomoni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeagiza kuku: "Mubomoe."

Video ilifika wiki hiyohiyo. Mbao zilikuwa zinang'olewa na kutupwa majini, mitego ya samaki inafuata. Mwishoni alionekana yule mama, ameketi ndani ya mtumbwi, sufuria mapajani, ameishika kwa mikono miwili. Mnajua Dieudonné aliifanyia nini video hiyo? Aliituma kwenye kundi letu la kanisa na kuandika "Mungu ni mwema." Na wengine wenu, msiinamishe macho, mlimjibu "Amina." Mimi nilikwenda bafuni nikanawa uso, kwa sababu niliona uchafu umenirukia.

Bibi aliiona kwenye simu ya Lydie. Hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Dieudo, ule mama jina yake ni nani?"

"Mama, sijue. Na itasaidia nini?"

"Balenye balitufukuza Ruzizi nabo habakuuliza jina yangu." Akashika ukingo wa meza, akasimama. "Nitaenda kwa Anésie. Siku utaniletea jina ya ule mama, njo nitarudia kwako."

Anésie ni dada yake Dieudonné, anakaa Macquarie Fields. Sheria iliruhusu mzee kupelekwa kwa mtu wa kumtunza, hivyo nilimpeleka mimi kwa gari langu. Alikuwa amebeba mfuko mmoja, na ile soda ya Jumapili ameiacha kwenye ukingo wa dirisha, haijafunguliwa bado.

Neno moja tu lingemrudisha. Lydie alimsihi mumewe kila siku: "Muulize tu Méthode." Mwanamume akakataa. Alisema mama anazidisha, alisema uzee, alisema hawezi kuaibishwa kwa ajili ya mwanamke wa samaki. Dieudonné alipokuja kumpigia, Méthode alicheka, na baada ya hapo namba yake ikawa haipatikani. Kiwanja nacho kikaonyesha sura yake. Lydie alimtafuta mwanasheria, akaambiwa sheria ya kule haimpi mgeni ardhi ya namna ile, hata mashahidi wajaze uwanja wa mpira. Nyumba ya mtu ilikuwa imebomolewa bure.

Mwezi wa tisa korona ikaingia nyumbani kwa Anésie. Bibi akalazwa, na hospitali haikuruhusu wageni. Dieudonné mwenyewe alikuwa amepimwa akakutwa nayo kutoka kazini, amefungiwa chumbani. Muuguzi akamshikia Bibi simu. Anésie naye alikuwa ameunganishwa kwenye simu hiyohiyo, ndiye aliyenisimulia.

"Umeleta jina?" Bibi akauliza.

Na mwanawe, huyu anayelia kanisani, akamdanganya. "Ndiyo, Mama. Anaitwa Maria."

Bibi akauliza tena: "Maria wa nani? Baba yake ni nani?"

Kwetu mtu hatajwi peke yake kama mbuzi aliyepotea. Bibi akageuza uso ukutani, na muuguzi, akidhani mgonjwa amechoka, akaikata simu. Hawakuzungumza tena.

Kumi tu ndio walioruhusiwa kumzika makaburini, na Dieudonné, angali amefungiwa chumbani, hakuwa mmoja wao. Aliomba aone. Basi Anésie akaishika simu mkononi, akalizunguka kaburi polepole, kona hadi kona, huku kaka yake akimfuata kwa macho kutoka Rooty Hill. Lydie alikuwa nje ya mlango wa chumba. Anasema alimsikia akirudia, "Basi, dada. Basi, nimeona." Anésie hakusimama mpaka amemaliza kona zote.

FUNZO LA KUBEBA NYUMBANI

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Sisi tuliofukuzwa tumeugeuza ukimbizi wetu kuwa hadithi ya kuliza watu Jumapili, kisha Jumatatu tunawafukuza wenzetu kwa simu. Hilo linanichefua kuliko wizi wa Méthode, maana Méthode hakujifanya ana machozi.

Usinunue ardhi ambayo jirani wa mpaka hajakupa mkono. Ukiambiwa "atahama," jua kuna mtu, na mtu huyo ana sufuria jikoni. Kabla hujauliza bei, uliza jina. Na tamaa inayokutazamisha mto wa mbali hukunyang'anya mama aliyekaa dirishani kwako.

Jiwe la kaburi la Bibi limeandikwa vizuri: Chibalonza, binti wa Mugaruka. Yule mama wa mtoni, ikiwa bado yu hai, hatujui hata tumwombee kwa jina gani.