Teksi ya Ghorofa ya Tatu

Kila Jumamosi asubuhi Marcelina alipasha chai, akakunja nguo zilizokauka, kisha akavaa glavu zake za mlinda lango na kudundisha mpira ukutani mpaka jirani agonge dirisha. Yeye na mama yake waliishi Southall, magharibi mwa London, juu ya duka la vitambaa.

Jumamosi hiyo haikuwa ya kawaida. Bibi Sesilia, mama mzazi wa mama yake, alikuwa anawasili kutoka Bukoba kwa mara ya kwanza. Mama, ambaye alikuwa nesi, alipanga kwenda kumpokea, lakini alfajiri alipigiwa simu kutoka kazini. Mwenzake alikuwa ameugua.

"Una miaka kumi na mitatu sasa," Mama alisema huku akifunga viatu. "Utapanda basi hadi uwanja wa ndege. Mkirudi, treni leo hazifanyi kazi, kwa hiyo tokeni nje mpaka kituo cha teksi, mpange foleni, mpande teksi nyeusi yenye taa juu. Mtu akikufuata humo ndani akisema ana gari, usimsikilize. Umenielewa?"

"Nimeelewa," Marcelina alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake.

Bibi alitoka saa tano akiwa amevaa makoti mawili, akisukuma sanduku kubwa. Kwenye begi la kwapani alikuwa na kahawa ya kutafuna, nguo za mjukuu, na sindano za dawa yake ya kisukari. Alimkumbatia Marcelina kwa muda mrefu.

Walipofika kwenye mlango wa kutokea, Marcelina alichungulia nje, akavunjika moyo. Foleni ya teksi ilizunguka kona, na mvua ilikuwa inanyesha. Saa nane timu yake ilikuwa na mechi, na kipa wa akiba hawakuwa naye.

"Teksi? Teksi rasmi, bila foleni," sauti ilisema nyuma yao. Ilikuwa ya mwanamume aliyevaa suti safi, na shingoni alining'iniza kitambulisho. "Gari liko ghorofa ya tatu, kwenye maegesho."

Bibi hakujua Kiingereza. Alimtazama yule mtu, kisha akamtazama mjukuu wake. "Huyu ndiye ambaye mama yako alimsema?"

Marcelina alisita kidogo tu. "Ndiyo, Bibi. Mama amesema tupande hili."

Waliingia kwenye lifti, na Marcelina mwenyewe akabonyeza namba tatu. Gari lilikuwa la kijivu, halina taa juu wala maandishi yoyote. Marcelina alitaka kurudi nyuma, lakini sanduku lilikuwa limeshaingia kwenye buti.

Baada ya mwendo wa robo saa, dereva alisimama kando ya barabara yenye maduka machache. Alisema gurudumu limepata pancha, akawaomba washuke ili apige jeki. Bibi alishuka taratibu, akiacha begi lake kwenye kiti. Marcelina alifunga mlango.

Gari liliondoka.

Marcelina alidhani linasogea mbele kidogo. Kisha akaliona likikata kona. Alikimbia, akapiga kelele, akasimama katikati ya njia mdomo wazi. Aliporudi, Bibi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya duka.

"Dawa yangu," Bibi alisema. "Marcelina, dawa yangu imo mle."

Mwenye duka alitoka nje, mzee wa Kihindi mwenye miwani. Alimsikia Bibi akiongea Kiswahili, akapigwa na butwaa. "Mama, unatoka Tanzania? Mimi naitwa Chandrakant, mzaliwa wa Mwanza. Ingia ndani, usikae kwenye baridi."

Aliwapa viti na maji, akapiga simu kwa gari la wagonjwa, kwa polisi, na kwa mama yake Marcelina. Askari alifika kwanza, mwanamke aliyeitwa Jaswinder.

"Mlipanda wapi hiyo teksi?" aliuliza.

"Kwenye kituo, nje," Marcelina alisema haraka. "Tulipanga foleni."

Jaswinder aliandika. "Basi nitaulizia madereva wa kituoni. Kila gari linaloondoka pale hurekodiwa."

Marcelina alimtazama Bibi. Midomo yake ilikuwa imekauka, na Mzee Chandrakant alikuwa anamfunika kwa koti lake mwenyewe. Kila dakika ambayo askari angetafuta mahali sipo, yule mtu angekuwa anazidi kwenda.

"Si kweli," alisema, na machozi yakamtoka. "Hatukupanga foleni. Alitufuata ndani. Gari lilikuwa kwenye maegesho, ghorofa ya tatu, karibu na lifti. Mama alinikataza. Nilimdanganya Bibi."

Jaswinder alikata alichokuwa ameandika. Hakumkaripia. Aliongea kwenye redio yake: ghorofa ya tatu, gari la kijivu, kamera za lifti.

Hospitalini Bibi alipewa dawa, na jioni rangi ya uso ilikuwa imemrudia. Mama alifika na sare yake ya kazi, akawakumbatia wote wawili. Siku ya pili Jaswinder alipiga simu. Kamera zilikuwa zimenasa namba ya gari, na dereva alikuwa amekamatwa. Sanduku lilipatikana. Begi lilikuwa limetupwa, halikuonekana tena.

Marcelina alipiga magoti kando ya kitanda. "Bibi, nisamehe. Nilimwamini yule mtu kwa sababu ya kitambulisho."

"Wewe ulimwamini yeye," Bibi alisema polepole. "Mimi sikumwamini hata kidogo. Nilimwamini mama yako, kwa kuwa ulilitaja jina lake. Ukimsemea mtu uongo, unatumia imani ambayo yeye ameijenga kwa miaka mingi. Nimekusamehe. Mzee Chandrakant alinitafsiria: pale dukani ulisema kweli ukijua itakuaibisha, na ndiyo iliyotusaidia. Ila safari nyingine iseme mapema, kabla hatujapanda gari."

Marcelina aliinamisha kichwa. "Nimeelewa, Bibi," alisema, kisha akamgeukia mama yake. "Nimeelewa, Mama," akaongeza, safari hii kwa Kiswahili.